Je, Kamera Yaweza Kuushuhudia Mwezi?

Magharibi ya tarehe 29 Shaabani, watu wa Garissa watokao kuutafuta mwezi huelekeza nyuso zao ng'ambo ya Mto Tana, kwani mji umekaa ukingo wa mashariki na jua huzama upande wa pili wa maji. Na kwa kuwa nchi ni tambarare isiyo na mlima wa kuziba upeo, na utusitusi wa karibu na Ikweta haudumu, asiyeiona hilali katika muda huo mfupi hurejea kwake na kukamilisha thelathini.

Lakini zama hizi yako macho mengine. Kamera za viwandani, zilizoundwa kukagua chupa na vyuma vikipita kwenye mikanda ya kiwanda, wanafalaki wamezifunga nyuma ya darubini. Na tarehe 8 Julai 2013 Thierry Legault, mpiga picha za anga wa Ufaransa, aliunasa mwezi mchana kweupe katika dakika ile ile ya muunganiko wake na jua, ukiwa umeachana nalo kwa nyuzi 4 na kitu tu, hali mwanafalaki André Danjon alikwisha kueleza kwamba chini ya nyuzi 7 hivi hilali haionekani kwa macho. Je, mwezi huo umeandama?

Tuitazame kwanza njia inayopita habari hiyo. Nuru hugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya kamera, na tarakimu hupita katika waya kwa kanuni ambazo watengenezaji wameafikiana: Camera Link ya mwaka 2000, GigE Vision ya 2006 ambayo waya wake wafika mita 100, USB3 Vision ya 2013, na kwa kanuni iitwayo GenICam, kila kamera hubeba ndani yake faili linaloeleza sifa zake, ili programu yoyote iweze kuisemesha bila kujali imetoka kwa nani. Katika kompyuta hupokewa na draiva, yaani programu inayoiunganisha kamera na kompyuta, na chini ya GigE Vision kifurushi kikipotea njiani, draiva yaweza kukidai tena. Aliyesoma elimu ya hadithi ataitambua isnadi hapa, yaani mnyororo wa wapokezi wa habari, na mimi nakiri bila kusita kwamba isnadi hii ni madhubuti, kwani draiva haina hawaa, wala haitamani Idi ije upesi.

Ila habari haikomei kwa draiva. Programu huchukua picha mamia, ikazipatanisha, ikaondoa mng'ao wa anga, ikakuza tofauti ndogo ya weupe na weusi, hata pale palipokuwa na kijivu kitupu pakajitokeza uzi mwembamba uliopinda. Huenda hakuna hata picha moja kati ya hizo ambayo jicho lingeuona mwezi ndani yake. Basi mwenye kusimama mbele ya kadhi na picha hiyo hawezi kusema "nimeona". Akisema kweli atasema "nimekokotoa", na hiyo ni hisabu.

Ibn Hajar al-Haytami, wa karne ya 16, katika Tuhfat al-Muhtaj, kitabu kitegemewacho na madhehebu yetu ya Shafi, hakuukubali mwezi ulioonwa kwa kioo, ingawa kioo hugeuza tu njia ya nuru. Naona hekima kubwa hapo. Saumu imefungamanishwa na kitu ambacho mchunga ngamia wa Wajir aweza kukipata sawasawa na mwanachuoni wa mjini. Mwezi ukiwa wa kamera, ibada ya mchungaji yule itamngoja mwenye mali ya kununua ala, na taklifu haikujengwa hivyo.

Hata hivyo sisemi ala itupwe. Taqi al-Din al-Subki, Mshafi wa karne ya 14, alisema ushahidi unaopingana na hisabu ya yakini urudishwe, na hapo ndipo darubini na kamera zina kazi yake: kumrudisha shahidi anayedai kuuona mwezi uliokwisha kutua kabla ya jua. Namwomba Kadhi Mkuu, na maimamu wa Garissa, Wajir na Mandera, waitumie kamera katika kukataa ushahidi usiowezekana, wala wasiitumie katika kuthibitisha mwezi ambao hakuna mja aliyeuona.