Juliet Anapoitika "Abee"

Wengi wetu tukimkumbuka Juliet wa Shakespeare, tunamkumbuka usiku, yuko juu dirishani, Romeo yuko chini. Lakini hapo si mara ya kwanza kumwona. Tunamwona mapema, kwenye onyesho la tatu la sehemu ya kwanza, nyumbani kwao, akiwa ameitwa na mama yake. Ukilisoma onyesho hilo ukiwa Lushoto, linauma.

Anaitwa, anaitika kwa adabu, anauliza anatakiwa nini. Kwetu angesema "abee mama". Kisha wakubwa wanaanza kumzungumzia mbele yake. Ana umri gani? Yaya anakokotoa kwa kukumbuka tetemeko la ardhi, kama wazee wetu wa milimani wanavyohesabu kwa mwaka wa njaa au mwaka wa Uhuru. Jibu: bado hajatimiza 14. Yaya anasimulia alivyomwachisha ziwa, anachomekea na utani mchafu wa marehemu mumewe. Mama anatoboa: kuna mchumba, Paris, je, utampenda? Onyesho zima Juliet anafungua mdomo mara tano tu.

Wapo wanaosema basi, huyu ni binti mpole asiye na lake, mpaka mapenzi yamwamshe. Sikubaliani nao. Kuhusu ndoa anajibu kwamba jambo hilo halijamjia hata ndotoni. Akibanwa, anakubali kumtazama huyo Paris, kwa kadiri mama atakavyomruhusu. Sikiliza vizuri: ameahidi kutazama. Kupenda hajaahidi.

Sasa, "abee" ni ridhaa? Onyesho moja kabla, baba yake amemwambia Paris kwamba bila ridhaa ya binti hakuna kitu. Siku chache baadaye binti anakataa, na baba huyohuyo anatishia kumtupa barabarani. Kumbe ridhaa ilitakiwa ilimradi iwe "ndiyo".

Haya si ya Verona peke yake. Kutoka Lushoto, Soni na Bumbuli, mabinti wanateremka kwenda kazi za ndani Tanga na Dar es Salaam. Sebuleni utambulisho ni uleule: ana miaka mingapi, mtoto wa nani, anajua kupika? Anaulizwa aliyemleta, mwenyewe kasimama na kifuko chake. Akiitika "abee", eti amekubali.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ni hatua kubwa. Ila umri peke yake hautoshi. Hata wa miaka 20 anaweza kuulizwa swali ambalo jibu lake limeshapangwa, na swali lisiloruhusu "hapana" ni amri tu.

Kuna jambo tunalipita haraka. Yaya alikuwa na binti yake, Susan, rika moja na Juliet. Alikufa. Yaya akabaki kulea mtoto wa watu, na hakuna anayemuuliza chochote kuhusu wake. Binti wa Lushoto anayelea watoto Dar amebeba yote mawili: umri unaokaribia wa Juliet, na kazi ya Yaya.

Ukirudi kuisoma tamthilia hii, usikimbilie dirishani. Kaa kwanza kwenye onyesho hili, uhesabu nani anaongea, kwa muda gani, na kuhusu nani.