Kuongoza na Kuamrisha

Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kumwongoza mwanafunzi. Hatukufunzwa kuongoza kunaishia wapi na kuamrisha kunaanzia wapi. Nikiwa mkuu wa shule, kijana wa kidato cha nne alichagua tahasusi ya HGL: Historia, Jiografia na Kiingereza. Kwa kuwa aliimudu sayansi, nilimwambia afute, aandike PCB. Historia, nilisema, haijazi chungu. Alitii. Leo ni daktari, nami hunitibu. Juzi aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Bado nasoma historia usiku." Nilikosa la kujibu.

Ndugu msomaji, je, mwisho mwema unahalalisha kumnyima mtu hiari yake? Mimi nasema hapana. Ningalimshauri, kisha nikanyamaza. Kalamu ilikuwa mkononi mwake.