Kimo Hupimwa Kutoka Wapi?

Nishati tuli ya kitu kilichoinuliwa hupatikana kwa hesabu ya mstari mmoja: tungamo mara mvutano wa dunia mara kimo. Tani moja iliyopandishwa mita 100 ni kilo 1,000 mara 9.8 mara 100, yaani jouli 980,000. Hiyo ni karibu sawa na nishati ya lori la tani kumi linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Tunaokosea hatukosei katika kuzidisha. Tunakosea kimo: tunapima urefu wa kitu chenyewe, hatuulizi kikiporomoka kitafika wapi.

Huko Aberfan, kusini mwa Wales, mgodi wa makaa ya mawe ulimwaga kifusi chake mlimani, juu ya kijiji. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958, tena juu ya chemchemi zilizokuwa zinaonekana kwenye ramani. Kufikia 1966 lilikuwa na urefu wa mita 34 hivi. Lakini chini ya lundo hilo mlima uliendelea kuteremka, ukashuka hadi Shule ya Pantglas. Kimo cha kuingiza kwenye hesabu kilianzia pale watoto walipokaa.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 1944 lundo jingine la mgodi uleule liliporomoka. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kuhusu hatari ya tope la makaa lililomwagwa nyuma ya shule, na mwaka huohuo lundo la saba lenyewe likateleza. Kifusi hakikufika kwenye nyumba, na nadhani hapo ndipo mioyo ya wahusika ilipotulia. Tusiwahukumu upesi, ndugu msomaji. Mimi nawe tungepita chini ya lundo lile kila siku, nasi tungelizoea. Jambo likikaribia kutuua likatukosa, tulihesabu kuwa onyo, tusilihesabu kuwa ushahidi kwamba tuko salama.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, wafanyakazi walikuta kilele kimezama kama mita tatu. Mmoja akatumwa chini kutoa taarifa. Akarudi na agizo la kuacha kumwaga pale, mahali pengine patatafutwa. Agizo hilo lina sura ya busara, ila kuacha kuongeza hakupunguzi hata jouli moja ya kile kilichokwisha kupandishwa. Saa tatu na robo lundo likashuka. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi iliitwika lawama Bodi ya Taifa ya Makaa, iliyokuwa na mgodi huo.

Nishati ya namna hiyo hupungua pale tu mzigo unaposhushwa. Malundo yaliyobaki juu ya Aberfan yaliondolewa baadaye, na pauni 150,000 za gharama zikachukuliwa kutoka mfuko wa michango iliyotolewa kwa ajili ya wahanga. Serikali ilizirudisha mwaka 1997.