Mikono midogo, Iberia kubwa

Mpiga piano Alicia de Larrocha, mzaliwa wa Barcelona mwaka 1923, aliupata muziki wa Hispania nyumbani. Mama yake alifundishwa piano na mtunzi Enrique Granados. Mwalimu wa Alicia mwenyewe, Frank Marshall, naye alikuwa mwanafunzi wa Granados.

Tatizo lilikuwa maumbile. Hakufika urefu wa mita 1.5, na viganja vyake vilikuwa vidogo. Sasa msikilizaji, tafuta Iberia ya Isaac Albéniz, vipande 12 visivyo na huruma: mkono wa kulia unapanda juu ya wa kushoto, vidole vinarukia noti za mbali, na piano inatakiwa ilie kama gitaa la Andalusia. Hata wenye viganja vikubwa hutoka jasho hapo. Alicia alinyoosha vidole kwa mazoezi, akairekodi yote, tena zaidi ya mara moja.

Wala hakujifungia kwenye muziki wa kwao. Muziki wa Mozart aliupiga sana, na kwa ustadi. Ila akialikwa New York au London, muziki wa Granados na Albéniz ulisafiri naye, si kama kachumbari pembeni ya sahani, bali kama mlo wenyewe.

Alistaafu jukwaa mwaka 2003, akiwa na miaka 80.