Werevu wa Mfungwa: Uzi Unaishia kwa Nani?

Swali langu ni moja: mfungwa anayeikwepa kanuni ya gereza kwa werevu wake, tumsifu au tumlaani? Nimeliuliza vijiweni hapa Bukoba, kuanzia Kashai mpaka Hamugembe, na majibu ninayopata ni mawili tu. Wengine wanacheka: "Jamaa mkali huyo, ana akili kama mchwa!" Wengine wanakunja uso: "Alifungwa kwa kuvunja sheria, sasa anavunja nyingine humo humo. Hajajifunza kitu." Mimi naona pande zote mbili zina haraka.

Kwanza tukubaliane kwamba werevu huo upo. Mzee mmoja wa Muleba aliyewahi kusota rumande alinisimulia walivyokuwa wakifumua nyuzi za blanketi, wanaziunga, wanafunga kipande cha sabuni mwishoni ili kuwe na uzito, halafu wanakitelezesha chini ya mlango mpaka chumba cha pili. Uzi ukivutwa, unarudi na tumbaku. "Ukinyimwa kila kitu, mjukuu wangu," aliniambia, "unaanza kuona vitu ambavyo watu wa mtaani hawavioni." Kwetu sisi blanketi ni la kujifunika. Kwao lilikuwa duka la kamba.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili, uzi mrefu kuliko yote ulirushwa na kijana wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 tu alipokamatwa mwishoni mwa 1968 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya Kenyatta. Akahukumiwa, akafungwa miaka 3, akatengwa peke yake. Ruhusa ya kuandika hana. Basi akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakatoka nje kwa magendo. Alifunguliwa 1972, na mwaka uliofuata mashairi hayo yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Naam, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga!

Miaka michache baadaye ikawa zamu ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 bila kushtakiwa, baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mirii kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Karatasi ya chooni ya gereza la Kamiti ilikuwa ngumu, ya kumwadhibu mtu hata anapojisaidia. Lakini ugumu huohuo uliipokea kalamu vizuri. Juu ya adhabu hiyo akaandika riwaya ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Shetani Msalabani. Askari waliikamata kwenye upekuzi, baadaye akarudishiwa.

Hapo kijiweni wote wanapiga makofi. Lakini ngoja. Kamiti hiyohiyo imetajwa mara nyingi kwenye habari kwa sababu nyingine: wafungwa wanaoingiza simu kwa siri na kuwatapeli watu walio nje. Kuta ni zilezile, upekuzi ni uleule, na akili ya kuficha kitu kilichokatazwa ni ileile. Tofauti iko wapi?

Naijua tofauti hiyo kwa sababu imefika nyumbani kwetu. Bibi yangu, kule Nshamba, alipigiwa simu na mtu asiyemjua: mjukuu wako ameanguka shuleni, tuma hela haraka atibiwe. Akatuma pesa yote ya kahawa. Aliyepiga hatukumjua mpaka leo; alikuwa gerezani au alikuwa sebuleni kwake, Mungu anajua. Ninachojua ni kwamba yule tapeli alikuwa mwerevu, na bibi alishinda siku mbili hataki kula kwa aibu.

Kwa hiyo werevu peke yake si sifa. Werevu ni kama panga: linafyeka shamba la migomba na linakata mtu. Kipimo changu ni hiki: ufuate uzi mpaka mwisho wake, umwangalie aliyeko huko. Je, yeye amekubali?

Chukua Mandela kule Robben Island. Walter Sisulu na Ahmed Kathrada ndio waliomshauri aandike maisha yake kwa siri. Nakala yenye maandishi madogo madogo ilitoka na Mac Maharaj alipofunguliwa 1976. Karatasi za mwanzo walizifukia bustanini, zikafukuliwa 1977. Adhabu ikawa kunyang'anywa haki ya kusoma kwa miaka 4, wote watatu. Ni hasara kubwa, lakini kila aliyelipa alijua bei tangu mwanzo. Bibi yangu hakuulizwa.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maana ya magendo. Tumekua tukisikia habari za kahawa inayovushwa usiku kwenda Uganda, na wote tunajua kwamba mkulima anayetafuta bei ya kumsomesha mtoto si sawa na tajiri aliyeinunua kwa butura, ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Sheria inawaita wote wawili wahalifu. Dhamiri inauliza swali la ziada.

Kuna atakayenipinga: "Sasa askari magereza atajuaje uzi upi ni wa shairi na upi ni wa wizi?" Hoja nzito hiyo. Hawezi kujua. Lakini jibu si kuziba kila tundu. Mfungwa akipewa njia halali ya kuandika barua, kusoma kitabu na kuonana na ndugu zake, wengi hawatahitaji njia ya panya, na atakayebaki kwenye njia ya panya ataonekana. Ukifanya kila neno kuwa magendo, umewachanganya mshairi na tapeli wewe mwenyewe.

Hata hivyo kipimo changu hakimalizi kila kitu. Yule mzee wa Muleba hakuishia kwenye tumbaku. Siku uzi ulipokamatwa, chumba kizima kilinyimwa uji. Kilikuwamo kijana mmoja mgonjwa, hakuwa mvutaji, hakuwahi hata kuugusa ule uzi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule dogo hakutulaumu. Alijigeuza akatazama ukuta."

Wenzangu tunaojifunza kuandika, tunapenda sana shujaa mjanja. Kwenye hadithi zetu anaficha msumeno ndani ya mkate, anawazuga askari, anaruka ukuta, na msomaji anashangilia. Sawa, aruke. Lakini sura inayofuata irudi ndani ya kile chumba, asubuhi, wakati uji haujaletwa, ituonyeshe yule kijana anayetazama ukuta. Mimi mwenyewe sura hiyo sijaiweza bado. Anayeiweza aiandike, tuisome.