Sura ya Kumi na Nne

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wale wanaokiruka Kitabu cha Walawi. Mtu huanza kusoma Biblia kwa bidii mwezi wa Januari, akapita Mwanzo na Kutoka, lakini akifika kwenye mafuta ya figo na vipele vya ngozi anafunga kitabu. Mwaka juzi, katika jumuiya yetu hapa Matogoro, mzee mmoja aliuliza sheria za unajisi zina faida gani kwa Mkristo, ikiwa Bwana alikwisha fundisha kwamba kinachomchafua mtu hutoka moyoni mwake. Nikapewa mimi kazi ya kutafuta jibu, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na kwa watu wa hapa mwalimu hastaafu.

Kwanza ilinibidi nijisahihishe. Nilikuwa nikidhani unajisi ni jina jingine la dhambi. Sivyo hata kidogo. Mama aliyejifungua mtoto wa kiume alihesabiwa siku 40 za kutakasika, na wa kike siku 80, ingawa kuzaa ni baraka. Aliyemzika baba yake alikuwa najisi siku 7, na kumzika mzazi ni wajibu. Ilikuwa hali ambayo hata mtu mwema huingia, nayo ilikuwa na hesabu. Mtu aliijua siku yake ya kutoka.

Sura ya 13 ndiyo tunayoikumbuka sote. Mwenye ukoma ararue nguo zake, apige kelele kwamba ni najisi, akae peke yake nje ya kambi. (Neno hilo la kale lilikuwa na maana pana kuliko ukoma tuujuao, ambao vimelea vyake viligunduliwa na daktari Hansen wa Norwe mwaka 1873 na ambao leo hutibika kwa vidonge. Humo zinatajwa hata nguo, na katika sura inayofuata kuta za nyumba.) Tukisoma hapo, tunatikisa vichwa kwa ukali wa watu wa zamani, kisha tunafunga kitabu. Nami ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Lakini ipo sura ya 14. Ina aya 57, pungufu kwa mbili tu ya ile ya kufukuza, na sehemu yake kubwa ni habari ya kurudi. Kuhani ndiye anayetoka kambini kumfuata mtu huko aliko. Huchukuliwa ndege wawili. Mmoja huchinjwa juu ya maji yanayotiririka, mwingine huachiwa aruke zake. Sisi tunaokaa chini ya milima hii, ambako mto Ruvuma unaanzia, hatuhitaji kuelezwa kwa nini maji ya mtungini hayakutosha. Siku ya nane hutolewa wanakondoo watatu, na asiye na uwezo hutoa mmoja pamoja na hua wawili au makinda mawili ya njiwa, ili umaskini usimzuie mtu nje. Kisha damu hupakwa katika ncha ya sikio lake la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole gumba cha mguu wa kuume. Hapo niliweka miwani mezani. Katika sura ya 8 Haruni na wanawe walipakwa damu mahali pale pale walipofanywa makuhani. Aliyekuwa akilia nje ya kambi anapokewa kwa alama za kuhani!

Sasa nifike kwenye jambo linalonihusu. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Msichana wa darasa la saba, hodari wa hesabu, aligundulika kuwa na mimba miezi michache kabla ya mtihani. Niliandika barua ya kumfukuza kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ule mwandiko wa chuo cha ualimu, nikagonga muhuri. Kanuni ndivyo zilivyotaka. Hata hivyo siwezi kujificha nyuma ya kanuni, maana mbele ya wanafunzi mstarini nilisema tumeisafisha shule. Aliyempa mimba hakuandikiwa barua na mtu yeyote.

Mama yake alikuja ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza, "Mwalimu, atarudi lini?" Nikamweleza maana ya kufukuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini atarudi lini?" Nilidhani Kiswahili kinampiga chenga.

Ilipotangazwa Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za serikali, baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba watawaharibu waliobaki. Hofu hiyo ni ya kale. Hagai aliwauliza makuhani jambo hilo hilo, wakajibu kwamba nyama takatifu haitakasi chakula inachokigusa, lakini unajisi huambukiza. Yesu alipomgusa mwenye ukoma, uambukizo ulikwenda upande mwingine. Tena alimwambia akajionyeshe kwa kuhani, akatoe alivyoagiza Musa. Yaani alimpeleka kwenye sura ya 14, ili arudi kwa watu wake akiwa na haki zote. Marko anaongeza kwamba tangu hapo Yesu mwenyewe hakuweza kuingia mjini waziwazi, akawa anakaa nje, mahali pasipo watu.

Baada ya kusoma hayo mbele ya jumuiya sikulala vizuri. Juma lililofuata nilichukua fimbo yangu nikaenda kwa yule binti, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwangu. Sasa ni bibi, anauza maharage. Tangu siku ile ya barua tulikuwa tukisalimiana njiani tu. Nyumbani kwake sikuwahi kufika. Aliniamkia, akaniletea kigoda, akasimama akisubiri kuambiwa kosa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile barua.

"Ipo, mwalimu," akasema. "Marehemu mama aliitunza sandukuni. Alikuwa akisema mtaidai siku ya kunirudisha."