Bunagana: Jalada Lisilo na Mrithi

Mtu anapopotea mahali penye polisi, mahakama na masjala, yaani ofisi inayotunza majalada ya serikali, uchunguzi wake unaweza kulala miaka mingi bila kufa, kwa kuwa afisa anayestaafu humwachia jalada afisa anayemfuata. Lakini katika Bunagana, mji mdogo wa Wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, unaopakana na Uganda, jalada hufa pamoja na utawala uliolifungua. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Julai 2012, jeshi la Kongo likaurudisha mikononi mwa serikali Oktoba 2013, na tarehe 13 Juni 2022 M23 wakauteka tena. Kila bendera iliyopandishwa pale forodhani ilikuja na mihuri yake, wala haikujiona kuwa na deni la maswali yaliyoulizwa chini ya bendera iliyotangulia.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi ni cha Agosti 1998, siku chache baada ya vita vya pili vya Kongo kuanza, ambapo watu wenye silaha waliwateka watalii wa kigeni waliokuwa wamevuka kutoka Uganda ili kuwaona sokwe wa milimani upande wa Jomba, jirani na Bunagana. Baadhi ya mateka walirudi wakiwa hai, ila wengine, raia wa New Zealand na Sweden, hawakuonekana tena. Hao walikuwa na pasipoti, balozi zilizowaulizia na magazeti yaliyowaandika, na bado hayo yote hayakutosha, kwa sababu katika vilima ambamo jibu lilikuwa limefichwa hapakuwa na dola moja iliyokaa muda wa kutosha kulitafuta.

Miezi saba baadaye, tarehe 1 Machi 1999, washambuliaji waliingia Buhoma, katika msitu wa Bwindi upande wa Uganda, wakawaua watalii wanane pamoja na Paul Wagaba, mhifadhi wa hifadhi hiyo. Huko serikali ilikuwapo, miili ilipatikana, wapelelezi wa Marekani walifika, na mwaka 2003 Wanyarwanda watatu walifunguliwa mashtaka mjini Washington, ingawa kesi yao ilianguka baada ya jaji kukataa, mwaka 2006, maungamo yaliyotolewa kwa mateso. Haki haikutimia, ni kweli, lakini wafiwa walizika. Na tofauti kati ya anayezika na asiyezika ni kubwa kuliko tofauti kati ya kesi iliyoshinda na iliyoshindwa.

Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1970, aliitambua hali ya mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa kuwa aina ya pekee ya msiba, ambamo huzuni haiwezi kuanza kupoa kwa sababu haijaruhusiwa kuanza. Katika Kivu hilo halihitaji nadharia ndefu, kwani matanga, yaani siku ambazo ndugu na majirani hukaa pamoja na wafiwa, huhitaji habari ya kifo ili yawekwe, na yasiyowekwa hayawezi kuanuliwa. Wakazi walioikimbia Bunagana Juni 2022, wengine wakivuka kwenda Kisoro, Uganda, na wengine wakiteremka hadi kambi ya Kanyaruchinya, jirani na Goma, waliondoka kwa makundi yaliyotawanyika njiani, na si kila aliyekosekana siku ya kwanza alionekana baadaye. Hawa hawana balozi wa kuwaulizia.

Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1 Agosti 1987, haikuwasahau watu wa namna hiyo: inamtenga asiyejulikana alipo, ambaye mahakama inaweza kutangaza kuwa hayupo, na aliyepotea katika mazingira yanayothibitisha kifo hata kama mwili haukupatikana, ambaye hakimu anaweza kutangaza kuwa amekufa. Tangazo hilo ndilo linalomwezesha mjane kuolewa tena na watoto kurithi shamba bila ugomvi wa baba wadogo. Sheria hiyo, hata hivyo, inadhani kuwa hakimu yupo, na tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 mahakama za serikali katika eneo hilo zimesimama, hivyo ukoo umebaki kuwa hakimu, pamoja na upendeleo wote ambao koo huwa nao panapohusika ardhi.

Kinachoweza kuvuka utawala mmoja hadi mwingine ni orodha isiyo ya utawala wowote. Shirika la Msalaba Mwekundu limekuwa likitafuta watu waliopotezwa na vita tangu mwaka 1870, na ofisi yake ya Geneva ilijaza kadi milioni 7 wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika Maziwa Makuu nayo redio ya BBC ilianzisha mwaka 1994 matangazo ya Gahuzamiryango, jina linalomaanisha kiunganisha familia, ili waliotawanywa na mauaji ya Rwanda wasikie majina ya jamaa zao. Yaliyofanywa kwa kadi na redio yanaweza kufanywa kwa daftari. Parokia zilizozoea kuandika ubatizo na ndoa huendelea kuandika bendera zinapobadilika, na hakuna kinachozizuia kuongeza ukurasa wa waliopotea, wenye jina la mtu, la baba, la mama, kijiji, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kisha nakala yake ikahifadhiwa Kisoro, ng'ambo ya mpaka, ambako mtekaji wa Bunagana hana mamlaka ya kuichoma.